Ziba Dirisha, Okoa LUKU

Kwanza tuelewane, ndugu yangu. Dirisha lako hukulijenga kwa ajili ya baridi ya Matamba. Ulilijenga lionekane kutoka barabarani, na hakuna mwenye akili atakayekulaumu. Mtu aliyepandisha saruji kutoka Chimala kwa zile kona hamsini na saba, lori likikohoa kila kona, hawezi kufika juu akaridhika na kidirisha cha nyumba ya babu, kile kisichopitisha hata kichwa. Ukaweka alminiamu ya kusukuma, futi tano kwa nne, kioo cha tinti, na wavu wa mbu juu yake, mahali ambapo mbu akionekana huwa amepotea njia. Hongera. Nyumba inapendeza.

Sasa ni Julai. Ukungu umeshuka kutoka Kitulo, majani ya viazi yameungua kwa barafu, nawe umeketi sebuleni kwako na koti, soksi mbili na kofia, unatazama taarifa ya habari kama abiria aliyekosa basi la mwisho. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Utawafaa pia wa Njombe mjini wanaonyeshewa manyunyu wiki nzima, na wa Makambako, ambako upepo ni mwingi kiasi kwamba wawekezaji wameupima ili wafue umeme. Hautakutaka ubomoe kitu. Utakuonyesha namna ya kuishi na kosa lako kwa hela ndogo, na majirani wakaamini ulikusudia hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: tafuta wa kulaumu

Usiguse selotepu kabla hujapata mkosaji. Kazi inakuwa nyepesi mtu akiifanya kwa hasira.

Mkosaji wa karibu ni fundi, lakini huyo mwache, utamhitaji. Mkosaji mzuri ni mjomba mwenye duka Kariakoo. Kila ukoo hapa una wake. Anakuja kijijini Desemba, mvua zimeanza, mahindi yanachipua na baridi imelegea kidogo. Anasimama uwanjani na miwani ya jua, anasema, "Nyumba haina hewa hii. Ongezeni madirisha." Anatoa hela, anaondoka tarehe mbili. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa kusi unapopanda mlima na kuingia hadi chini ya kitanda, yeye yuko Dar es Salaam amewasha feni. Madirisha mengi makubwa ya milima yetu yaliamuliwa Desemba na watu ambao Julai hawapo.

Umeshampata? Usimpigie simu. Mjomba aliyelaumiwa kimoyomoyo bado atatuma hela ya mapazia. Tutaihitaji.

Hatua ya pili: piga hesabu ya hita, kisha usiinunue

Najua umeiona dukani Makambako, ina taa nyekundu na magurudumu. Igeuze, usome nyuma. Kama imeandikwa wati 2,000, maana yake inakula uniti mbili kila saa. Washa saa moja usiku, zima saa sita: uniti kumi zimekwenda na bado hujalala. Mteja wa kawaida wa nyumbani hulipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, na ukishaongeza VAT, tozo ya REA na ya EWURA inafika kama 356. Usiku mmoja ni zaidi ya shilingi elfu tatu na mia tano. Mwezi mzima ni zaidi ya laki moja, kwa ajili ya kupasha joto hewa ambayo tayari iko njiani kwenda Ikuwo.

Kama uko kwenye lile kundi la bei nafuu, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hita hiyo itazimaliza uniti zako zote kabla wiki mbili hazijafika, hata usipowasha taa. Ukivuka hapo, uniti ya shilingi 100 inageuka ya 350, kabla ya kodi. Na ukizoea kuvuka, unahamishwa kundi. Kurudi kule kwa wanyonge kuna safari yake.

Kwa hiyo hita usinunue. Ila endelea kuitaja mbele za watu. "Nilitaka kuchukua hita, ila naona inakausha ngozi." Sentensi hiyo haina gharama, na inakuweka kwenye daraja la watu waliokataa hita kwa hiari yao.

Hatua ya tatu: mtafute mwizi kwa mshumaa

Watu hudhani baridi inapita kwenye kioo. Inapita, kweli, lakini aliye na haraka zaidi ni upepo wa kwenye nyufa. Subiri usiku wenye upepo, zima taa, washa mshumaa, uupitishe polepole kuzunguka fremu yote. Wakikuuliza, sema umeme umekatika. Watakuamini.

Angalia mwali. Pale pembeni, fremu ya alminiamu inapokutana na plasta, mwali utalala ubavu. Fundi aliacha nafasi ya kidole, akaijaza gazeti, akapaka rangi juu ya gazeti. Shuka chini kwenye reli: mwali utarukaruka. Hapo kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua, kwa hiyo usivizibe, vina kazi yake. Lakini sasa unajua ule mluzi wa usiku unatoka wapi, na unaweza kumwambia mama mkwe kwamba si mizimu. Nenda katikati, vioo viwili vinapopishana: kile kibrashi cheusi chembamba kimeshakatika meno. Kisha inua mshumaa juu ya dirisha, kwenye matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani. Mshumaa utazimika. Hapo umefika kwa mkubwa wao.

Weka alama ya chaki kila mwali ulipoyumba. Anza na madirisha yanayotazama kusini-mashariki, kwa sababu kusi linatoka huko. Ya upande wa kaskazini yaache kwanza. Nina mpango nayo.

Hatua ya nne: ziba kwa vitu ambavyo hukuvinunua

Siri ya kuziba ni ndogo: hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Wazungu hulipa fedha nyingi kuwekewa vioo viwili vyenye hewa iliyofungiwa katikati. Wewe unahitaji hiyo hewa tu.

Nenda duka lolote la TV na friji, Njombe au Makambako, saa za kufunga. Omba ile nailoni ya vipovu wanayofungia TV. Usiseme ni ya dirisha. Sema mtoto anapenda kuipasua. Watakupa kifurushi, na pole juu. Kata kipande kilingane na kioo, nyunyiza maji kidogo kwenye kioo, bandika upande wa vipovu ukigusa kioo. Inashika yenyewe, haihitaji gundi, na mwanga unapita.

Ukiona aibu, jua historia iko upande wako. Nailoni hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1957 na Alfred Fielding na Marc Chavannes, nao walitaka iwe karatasi ya kupamba ukuta. Haikupata wanunuzi. Wakajaribu kuiuza kama kizuia baridi cha vibanda vya kuoteshea mimea, napo haikuvuma. Ndipo ikaangukia kazi ya kufungia vyombo. Kwa hiyo wewe unairudisha kwenye kazi iliyoikosa ujanani. Mgeni akishangaa, mwambie hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Nyufa za pembeni zinataka silikoni, na hapo utatoa hela kidogo. Toa gazeti la fundi (soma tarehe, utajua nyumba imekupuliza miaka mingapi), sukuma vipande vya sponji ya godoro kuukuu, halafu funika kwa silikoni. Kwenye mpishano wa vioo bandika utepe wa sponji hiyohiyo kwa selotepu. Godoro moja la mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne linatosha nyumba nzima na kwa shemeji.

Chini ya mlango, maana mlango nao ni dirisha lililokua, weka soseji ya maranda. Njombe ni nchi ya mbao. Maranda yamejaa kila karakana na wenyewe wanatafuta wa kuyachukua. Chukua mguu wa suruali ya mtumba, shona upande mmoja, jaza maranda makavu, shona upande wa pili. Lalisha mlangoni. Usichague suruali inayofahamika. Kuna mwanamume wa huku alikanyaga mguu wa suruali yake ya harusi wiki nzima kabla hajaitambua, na mazungumzo yaliyofuata yalipasha joto nyumba kuliko mkaa.

Kuna dirisha la stoo, lile linalotazama kusini-mashariki kabisa na halionyeshi kitu zaidi ya choo cha jirani. Hilo liue. Pigilia mbao za mpaini kwa ndani, jaza maranda katikati ya mbao na kioo, pazia mbele, umemaliza. England walikuwa na kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, na watu wakaziba madirisha yao kwa matofali ili walipe kidogo. Nyumba nyingine bado zina makovu hayo hadi leo. Sisi kodi ya jengo inakatwa ndani ya LUKU tangu 2021, lakini madirisha hawajaanza kuyahesabu, na naomba mtu asiwape wazo.

Hapa ujanja unasimama

Katika mwongozo huu ulaghai wote unaruhusiwa isipokuwa mmoja. Ukishaziba nyufa, usilale na jiko la mkaa ndani. Hata la mkaa wa miti ya miwati, hata lililofunikwa majivu, hata lile unaloona limekwisha poa.

Mkaa ukiwaka kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, tena inang'ang'ania zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Dalili yake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mtamu. Na mtu wa Matamba akisikia usingizi mtamu usiku wa Julai hujipongeza. Kila msimu wa baridi tunazisikia habari hizi Nyanda za Juu Kusini, familia imekutwa asubuhi mlango umefungwa. Zile nyufa ulizokuwa unazilaani ndizo zilizokuwa zikikuokoa bila wewe kujua. Ukizifunga, umeondoa mlinzi.

Kwa hiyo: jiko likiwa ndani, dirisha liwe wazi upana wa kiganja na watu wawe macho. Kabla ya kulala, jiko linatoka nje, sio koridoni. Jikoni kwenye moto matundu ya hewa hayaguswi. Kitandani ingia na chupa ya maji ya moto ndani ya soksi. Anayekucheka atakuomba ya kwake kesho.

Hatua ya tano: mapazia ya mjomba

Sasa mpigie. Mwambie nyumba yake (sema "nyumba yako, mjomba") inaonekana uchi. Atauliza vipimo. Mpe upana mara mbili na urefu hadi sakafuni.

Pazia la fasheni, lile la pete za chuma linaloning'inia chini ya bomba, ni zuri kwa picha na baya kwa baridi. Hewa ya joto inapanda, inapita juu ya bomba, inagusa kioo, inapoa, inashuka nyuma ya pazia na kutokea chini moja kwa moja kwenye vifundo vya miguu yako. Umejitengenezea mtambo wa baridi usiotumia umeme. Dawa ni kuziba juu na chini. Juu ya bomba pigilia ubao mwembamba wa mpaini, ufunike kwa kitambaa kilekile cha pazia. Wageni watauita urembo. Chini acha pazia lilale sakafuni kidogo. Pembeni libane ukutani kwa pini.

Halafu, nyuma ya pazia la mjomba, shonea lile blanketi la kijivu la bweni. Upande wa sebuleni ni hariri ya Kariakoo, upande wa kioo ni shule ya kata. Kazi yote inafanywa na upande wa shule. Sifa zote zinakwenda upande wa pili, na hata kwenye ofisi nyingi ndivyo ilivyo.

Kosa moja usilifanye: kutazama kutoka nje. Blanketi litaonekana kupitia kioo. Hapo ndipo utashukuru ule uamuzi wako wa kioo cha tinti, na unaweza kudai ulikuwa mpango.

Hatua ya sita: ajiri jua, halidai mshahara

Nilisema madirisha ya kaskazini nina mpango nayo. Huku kwetu, Juni na Julai, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kila dirisha la upande huo ni hita ya wati nyingi isiyosoma LUKU. Saa tatu asubuhi ukungu ukiinuka, fungua mapazia yote ya kaskazini, hata kama wapita njia wataona sahani za jana. Saa kumi na moja jioni, kabla jua halijazama, yafunge yote. Sio saa moja, ukishaanza kutetemeka. Saa kumi na moja. Joto ukishaliachia lipite, halirudi kwa kuitwa.

Kazi hii inahitaji mtu mmoja tu mwenye kukumbuka. Usijiteue. Mpe bibi. Wazee wa huku walizaliwa katika nyumba zenye moto katikati na kidirisha kimoja, wanajua thamani ya kufunga mapema, na watakufokea wewe badala ya wewe kuwafokea watoto.

Hatua ya saba: jasho la kioo

Ukiziba sawasawa, asubuhi utakuta vioo vimetoa jasho, matone yanashuka hadi kwenye kizingiti. Usiogope, hayo ni maji ya pumzi zenu na ya ile sufuria ya ugali. Yafute kwa kitambaa. Fungua dirisha dakika kumi jua likiwa kali, halafu funga. Ukipuuza, kuvu nyeusi itaota kwenye kona ya ukuta, na hapo utalazimika kusogeza kabati liifiche, kisha kununua kabati la pili kwa ajili ya kona ya pili. Kuna nyumba Njombe ambazo samani zake zote zimepangwa na kuvu.

Maneno ya kujibu majirani

Jirani mwenye hita atakuuliza umetumia uniti ngapi mwezi huu. Usimjibu upesi. Tazama juu kama mtu anayehesabu, halafu taja idadi yako halisi, ile ndogo, ukiongeza: "Ila mwezi huu tumewasha sana." Nenda zako.

Akiuliza kuhusu nailoni ya vipovu, sema ni teknolojia. Akiuliza kuhusu soseji ya mlangoni, sema ni ya mtoto. Akiuliza kuhusu dirisha la stoo, muulize yeye kuhusu choo chake. Fundi akija na kuona silikoni yako iliyopinda, mwambie imepigwa na fundi mwingine wa Makambako, na umlaumu huyo wa Makambako pamoja naye kwa dakika mbili. Mafundi hupenda hivyo, na atakurekebishia kona moja bure kuonyesha inavyotakiwa.

Septemba ikifika

Bandua vipovu taratibu, anza na kona ya juu. Vikaushe juani, vikunje, viweke chini ya godoro. Vitadumu misimu kadhaa panya wasipoviona. Gundi ya selotepu iliyobaki kwenye alminiamu itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Maranda mwage kwa kuku, na ile suruali ifuliwe, kwa sababu kijana fulani ataiomba.

Kama umepanga, hesabu ni nyingine. Mwenye nyumba akipita akaona nyumba haina upepo, atapandisha kodi na kusema nyumba yake ina joto. Mpe mkono, mwambie utafikiria. Jioni hiyohiyo anza kufungasha: vipovu, tepe za sponji, ubao wa juu ya bomba, blanketi la bweni. Silikoni mwachie. Mpangaji anayefuata akija kuangalia chumba, mvute kando, umwambie unauza vifaa vya madirisha vilivyokatwa kwa vipimo vya nyumba hiyohiyo.